Kalipa ya breki iliyong'ang'ania: je, inawezekana kuifungua na kuifufua nyumbani?

Mkazi wa Nkuhungu

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina Toyota Corolla ya zamani, iliyoingia nchini ikiwa imekwisha kutumika Japani, na kwa wiki kadhaa sasa gurudumu lake la mbele la kushoto linaendelea kushika hata baada ya mguu kuondoka kwenye pedali. Gari linavuta upande huo lenyewe, rimu inakuwa ya moto kiasi cha kutogusika ninapofika kazini Mtumba, hapa Dodoma, na pedi ya ndani imelika karibu kufikia chuma ilhali ya nje bado ni nene. Fundi mmoja amenishauri ninunue kalipa mpya, yaani kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, bila hata kuifungua iliyopo. Mimi nina jeki, stendi, spana za kutosha na subira, na dukani nimeambiwa kwamba ripea kiti (seti ya kukarabatia) yenye sili na mpira wa vumbi inapatikana kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na kalipa nzima. Ninaomba kujua nitahakikishaje kwamba kalipa ndiyo yenye kasoro, na kama kazi hii inaweza kufanyika uani kwangu kwa usalama. Mwishoni mwa mwezi ninatarajia kwenda Iringa kwa barabara ya Mtera, na sitaki kupita milima ya Nyang'oro na familia nikiwa na breki za kubahatisha.

Fundi wa Kizota

Umefanya vema kuuliza kabla ya kununua, kwa sababu dalili hizo zinaweza kuletwa na pistoni iliyokwama (ile inayosukuma pedi ndani ya kalipa), na pini za kuteleza zilizokauka, au na mpira wa breki (bomba la mpira linalopeleka mafuta kwenye kalipa) uliovimba kwa ndani, ambao huruhusu mafuta kwenda lakini huyazuia kurudi. Kipimo chake hakigharimu chochote. Egesha gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma, inua mbele na uliweke juu ya stendi, kisha mwombe mtu akanyage breki mara chache na kuachia. Ukiona gurudumu ni gumu kuzunguka, legeza kidogo tu nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakichuruzika kwa nguvu na gurudumu likaachia papo hapo, basi shinikizo lilikuwa limenaswa, na tatizo liko kwenye mpira wa breki au masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), si kwenye kalipa. Gurudumu likibaki gumu vilevile, kilichokwama ni pistoni au pini. Pini utazijua kwa kufungua kalipa na kuisukuma kwa mkono: inapaswa kuteleza huku na huku bila kulazimishwa.

Tafadhali usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa, kwa kuwa pedi za zamani huweza kuwa na asbesto.

Mkazi wa Nkuhungu

Ahsante sana, fundi. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Nipo ikiwa wazi, gurudumu lilibaki gumu. Pini zinateleza vizuri, lakini mpira wa vumbi unaozunguka pistoni umechanika na ndani yake kuna kutu iliyochanganyika na tope. Sasa ninaomba mwongozo wa namna ya kuitoa pistoni. Pia kuna mtu ameniambia nioshe kila kitu kwa petroli na kupaka grisi ya kawaida. Je, ni sahihi?

Mwalimu wa Ufundi, Kikuyu

Ndugu, si sahihi, na ninakusihi usifanye hivyo. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa maana mtu akifahamu jinsi kalipa inavyofanya kazi, atajua mwenyewe kipi kinaokolewa na kipi kinatupwa.

Ndani ya kalipa yako hakuna springi ya kurudisha pistoni. Kazi hiyo hufanywa na sili, ambayo ni pete ya mpira yenye kingo za mraba iliyokaa katika mfereji uliochongwa kwenye ukuta wa silinda. Mafuta yanapoisukuma pistoni, sili hupinda kidogo pamoja nayo. Shinikizo likiondoka, sili hurudi katika umbo lake na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita, na hapo ndipo pedi huachia diski. Mpira wa vumbi ukichanika, maji na vumbi hupenya hadi kwenye pistoni, kutu hufanyika, na nguvu ndogo ya ile sili haiwezi tena kuirudisha. Kwa mazingira yetu ya Dodoma, ambako miezi mingi ya vumbi hufuatiwa na mvua za Desemba na kuendelea, mpira huo unastahili kukaguliwa kila pedi zinapobadilishwa.

Kutokana na maelezo hayo utaona kwamba uso unaozuia mafuta yasivuje ni uso wa pistoni yenyewe, kwa kuwa sili imetulia na pistoni ndiyo inayoteleza ndani yake. Kwa hiyo pistoni ikiwa na mashimo ya kutu au kromu iliyobanduka mahali sili inapogusa, usiihurumie. Nunua nyingine, kwani hakuna msasa utakaorudisha kromu. Doa jepesi kwenye ukuta wa silinda nje ya mfereji linavumilika baada ya kusafishwa. Mfereji wenyewe, hata hivyo, lazima uwe safi kabisa, maana kutu iliyojificha chini ya sili huibana sili dhidi ya pistoni, na utakuwa umebadilisha sili bila kuondoa ugonjwa.

Kuhusu kuitoa, tumia breki zenyewe kabla hujafungua mpira wa breki. Ondoa kalipa kwenye nafasi yake, toa pedi, iegemeze au uifunge kwa waya ili isining'inie kwa mpira wake, weka kipande cha mbao mbele ya pistoni, kisha msaidizi akanyage pedali polepole. Shinikizo la mafuta huitoa pistoni kwa utulivu, na mara nyingi hata iliyoshikwa na kutu hukubali. Upepo wa kompresa ninauogopa na ninataka nawe uuogope, kwa sababu pistoni inaweza kuchomoka ghafla kwa nguvu ya kuponda vidole. Ikitoka, fungua mpira wa breki na uzibe mwisho wake. Mafuta ya breki hula rangi ya gari, hivyo yakimwagika yaoshe mara moja kwa maji mengi.

Sili ya zamani itoe kwa kijiti cha mbao au plastiki, si kwa bisibisi, isije ikakwaruza mfereji. Osha kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki. Petroli, dizeli na mafuta ya taa hazifai, kwani mpira unaotumika kwenye breki hizi huvimba na kulainika unapokutana na bidhaa za petroli, na grisi ya beringi ina madhara yayo hayo. Pini zipakwe grisi ya silikoni au ile iliyotengenezwa mahsusi kwa breki. Sili mpya ilowanishe kwa mafuta mapya ya breki na uipachike kwa vidole bila kuisokota, kisha sukuma pistoni kwa mikono, ikiwa imenyooka. Ikikataa, itoe na uanze upya. Nyundo haina nafasi hapa.

Haya yote ni kwa kalipa za mbele. Baadhi ya magari yana kalipa za nyuma zilizounganishwa na breki ya mkono, ambazo pistoni yake hurudishwa kwa kuzungushwa, na hizo zinahitaji kifaa chake.

Dereva wa Singida

Wakuu, mimi naona ni usumbufu. Kwa nini asinunue kalipa iliyotumika, aifunge na safari iendelee?

Fundi wa Kizota

Mkuu, kalipa iliyotumika huja na sili iliyozeeka kama hii aliyonayo, na hakuna anayejua ilikaa muda gani ikiwa wazi kwenye rafu, hivyo bado ningemtaka aifungue na kuiwekea sili mpya. Akiamua kuinunua, ahakikishe ni ya upande wa kushoto. Nipo lazima iwe juu kalipa inapofungwa, kwa kuwa upepo hupanda. Kalipa ikifungwa upande usio wake, nipo huelekea chini na upepo hautatoka hata ukikanyaga pedali kutwa nzima.

Mkazi wa Nkuhungu

Nimeelewa vizuri sana, na Mwalimu, Mungu akubariki. Pistoni imetoka kwa pedali kama ulivyosema, na kromu yake ni nzima isipokuwa ukingo wa nje kabisa, mahali sili haifiki. Je, mafuta yaliyobaki kwenye chupa niliyoifungua mwaka jana yanafaa kujazia?

Mwalimu wa Ufundi, Kikuyu

Hayafai. Mafuta ya breki ya aina za DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka. DOT 3 mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishapata maji kiwango cha chini huwa nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Katika mteremko mrefu kama ule wa Nyang'oro, mafuta yakichemka hugeuka mvuke, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Soma aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi la mafuta ya breki, nunua chupa mpya ya aina hiyo, na usichanganye kamwe na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Weka washa mpya za shaba (pete bapa za kuzuia kuvuja) pande zote mbili za bolti ya mpira wa breki. Toa upepo hadi mafuta yatoke safi bila mapovu, huku ukiangalia kwamba tangi halikauki. Pedi zibadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja, kisha kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu. Kwanza zunguka mitaani kwa mwendo mdogo, baadaye nenda hadi Bahi na kurudi, ukishuka ulinganishe joto la rimu zote mbili za mbele na kukagua kama kuna unyevu wowote kwenye kalipa. Ukikanyaga kwa nguvu moja na kushikilia, halafu pedali ikaendelea kuzama taratibu, ahirisha safari ya Iringa na umwite fundi akague masta silinda.