Tupeane uzoefu: likizo ya ugonjwa kazini, siku 126 zinavyohesabiwa na zinavyopotea

Kisasa_Kona
Wadau salaam. Dodoma ya sasa imejaa walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli na mafundi wa saiti, na swali linalorudi kila siku ni lile lile: mtu akiugua, mshahara unaendelea au umekufa? Malalamiko ya bosi fulani tuyaache pembeni. Anayeujua mlolongo aandike siku, karatasi na hatua. Tunaongelea sekta binafsi ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao.

MzeeWaKikuyu
Sheria ni ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 32. Mfanyakazi ana siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko mmoja: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara.

Hilo la 126 wengi wanalijua. Wanapoteleza ni kwenye neno "mzunguko". Mzunguko wa likizo ya mwaka, ile ya siku 28, ni miezi 12. Wa ugonjwa ni miezi 36 ya ajira mfululizo. Kwa hiyo anayekwambia una siku 126 kila mwaka anakudanganya, na anayekwambia ukishatumia 63 hakuna tena kitu naye anakudanganya.

Tupige hesabu. Mtu kaanza kazi 1 Machi 2023, mshahara 390,000 kwa mwezi. Mzunguko wake unaisha 28 Februari 2026. Mwishoni mwa 2023 kafanyiwa upasuaji, kakaa nyumbani siku 40 kwa mshahara kamili. Katikati ya 2025 bodaboda inamwangusha akitoka kanisani, mguu umevunjika, daktari anampa siku 90. Amebakiza 23 za mshahara kamili. Zikiisha, zinakuja 63 za nusu, yaani analipwa kwa kiwango cha 195,000 kwa mwezi. 23 na 63 ni 86. Siku 4 za mwisho ziko nje ya 126, mwajiri habanwi kisheria kuzilipa. Ndiyo maana kila mtu atunze daftari lake la siku, asitegemee faili la ofisi.

Tena siku hapo ni za kalenda. Ukipewa siku 10 kuanzia Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zimo.

Utumishi_AreaD
Mzee umemaliza hesabu, mimi niongelee karatasi, maana haki hii inafia kwenye karatasi kuliko kwenye sheria. Kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kulipa kama mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari. Huku mtaani tunakiita ED.

ED inayopita bila maswali ina jina lako kama lilivyo kwenye mkataba (Juma Hamisi na Hamisi Juma ni watu wawili kwa mhasibu), tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi, idadi ya siku, jina na saini ya daktari, na muhuri wa kituo. Soma kabla hujatoka getini. Kosa linalotokea mno ni la "siku 3" bila tarehe ya kuanza. Lingine ni mtu kuanza kuumwa Jumatatu, akajikaza na panadoli, akaenda hospitali Jumatano. Daktari anaandika kuanzia Jumatano. Jumatatu na Jumanne zinabaki utoro, isipokuwa kama ulitoa taarifa. Risiti ya duka la dawa haisaidii chochote, wala picha ya dripu uliyoweka status.

Sasa namna ya kuifikisha. Siku ya kwanza tuma ujumbe kwa msimamizi wako kabla zamu haijaanza, ujumbe wa maandishi, si kupiga tu. Ukishapata ED piga picha pande zote mbili, itume. Nakala halisi ipeleke au mtume ndugu, na aliyeipokea asaini kwenye kitabu cha dispachi au juu ya nakala yako ya kivuli, aandike na tarehe. Bila saini hiyo, ED inaweza "kupotea" mezani na wewe huna la kuonyesha.

Na uharaka huo una sababu. Chini ya kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 (GN 42), kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Mgonjwa aliyenyamaza siku 6 anaonekana kwenye faili sawasawa na mtoro.

Binti_Kongwa
Na huku vijijini? Zahanati ina tabibu mmoja na muuguzi. Makampuni yanataka ED ya "hospitali kubwa".

Utumishi_AreaD
Swali zuri dada. Sheria inataka cheti cha daktari aliyesajiliwa, au mtoa tiba mwingine ambaye mwajiri anamkubali, na kukubali huko hakuwezi kunyimwa bila sababu ya msingi. Mwajiri ambaye saiti yake iko kilomita nyingi kutoka mjini, halafu anamtaka mtu mwenye malaria apande basi hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kutafuta muhuri, atapata shida kuieleza sababu yake. Ila kwa ugonjwa wa zaidi ya siku chache, omba rufaa. Siku 30 za ED ya zahanati zinaleta ubishi hata pale ambapo ugonjwa unaonekana kwa macho.

Na anayetibiwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, asiogope kupeleka cheti. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, siku ni zile zile, na ubaguzi kwa sababu ya ulemavu au hali ya VVU umekatazwa na kifungu cha 7.

Saidia_Fundi_Ihumwa
Wakuu, sisi wa kulipwa kwa siku tumo humo au tunatazama tu?

MzeeWaKikuyu
Mnategemea muda. Aliye chini ya miezi 6 kazini hana likizo yenye malipo. Lakini kuna milango miwili. Wa kwanza ni mfanyakazi wa msimu: anayo haki hiyo hata kama hajafikisha miezi 6, na hapa nawatazama watu wa mashamba ya zabibu kule Hombolo na Mpunguzi. Wa pili ni aliyeitwa kazini zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri yule yule: vipindi vyote vikijumlishwa vikazidi miezi 6 katika mwaka huo, anaingia.

Ile ya "huyu si mfanyakazi wangu, ni kibarua tu" isikutishe. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inamchukulia mtu kuwa mfanyakazi kama amemfanyia huyo mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, hadi ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 ni kama siku 5 za saiti! Ushahidi wako ni karatasi za mahudhurio, miamala ya simu ya malipo, na ujumbe wa fomeni wa kukuita kazini. Usifute.

Dereva_Mnadani
Mtoto akilazwa, natumia hizo 126?

Utumishi_AreaD
Hapana, hizo ni za mwili wako. Ugonjwa wa mtoto uko kifungu cha 34: angalau siku 4 zenye malipo, na hizo 4 zinachanganywa na msiba wa mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Ni jumla, haijalishi matukio ni mangapi ndani ya mzunguko. Zaidi ya hapo ni makubaliano, bila malipo. Uzazi nao una siku zake, 84, au 100 kwa mapacha. Mwajiri asizikate kwenye ugonjwa.

Kisasa_Kona
Aliyeumia kazini je? Fundi akianguka kwenye jukwaa la mbao?

Mama_Nzuguni
Hapo panahusika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango unatoka kwa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Kwa ulemavu wa muda malipo ni asilimia 70 ya mapato, hadi miezi 24.

Linaloharibu ni taarifa. Msimamizi anampeleka fundi hospitali kwa gari lake, analipia plasta, wanakubaliana "yaishe". Kwenye faili la hospitali inaandikwa ameanguka nyumbani. Miezi 3 baadaye mkono haunyooki, na karatasi ya kwanza kabisa inakukana. Kwa hiyo mwambie daktari mahali ulipoumia, saa, na ulikuwa ukifanya nini, uhakikishe imeandikwa. Andika majina ya wenzako wawili walioona. Mwajiri apewe taarifa kwa maandishi, naye aipeleke WCF.

Sheria_Makole
Naongezea mwisho wa safari, siku 126 zikiisha na mtu bado hajapona. Kuisha kwa siku si barua ya kufukuzwa. GN 42 inamtaka mwajiri achunguze: ugonjwa umetokana na nini, ni wa muda au wa kudumu, na kama kuna kazi nyepesi au namna ya kupanga upya ile aliyonayo. Amwite mfanyakazi, amsikilize, akiwa na mwakilishi wa chama au mwenzake. Aliyeumia kwenye kazi hiyo hiyo anadai juhudi kubwa zaidi. Barua ya mistari mitatu isemayo "kutokana na afya yako" haijafanya lolote kati ya hayo, na mzigo wa kuthibitisha kwamba kuachishwa kulikuwa halali uko kwa mwajiri.

Ukiachishwa unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ofisi ipo hapa mjini. Fomu ni CMA F.1. Siku ni 30 tangu kuachishwa. Kwa madai mengine, kama nusu mshahara ambao haukulipwa, ni 60. Ukichelewa unaanza na maombi ya kuongezewa muda kwa CMA F.2, na utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa namsubiri bosi aniite" si maelezo.

Kosa la kizembe kuliko yote: watu wanajaza fomu wanaipeleka Tume moja kwa moja. Kwanza nakala impate mwajiri, apokee kwa muhuri au saini, ndipo uiwasilishe pamoja na uthibitisho huo. Mlinzi wa geti akikataa kusaini, tuma kwa posta kwa njia ya rejista na ubaki na stakabadhi. Msuluhishi ana siku 30. Ikishindikana shauri linaenda kwa mwamuzi.

Watumishi wa umma msikimbilie huko. Nyie mna Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, na tangu mabadiliko ya 2016 mnatakiwa kumaliza kwanza njia za ndani, ikiwemo rufaa Tume ya Utumishi wa Umma.

Saidia_Fundi_Ihumwa
Swali la mwisho. Bosi akisema "chukua likizo yako ya mwaka ujiuguze", tukubali?

Sheria_Makole
Hairuhusiwi, hata ukikubali mwenyewe. Sheria inamkataza mwajiri kulazimisha au kuruhusu likizo ya mwaka ichukuliwe badala ya likizo nyingine unayostahili. Kwenye fomu ya likizo, penye "aina ya likizo", andika ugonjwa na uibane ED nyuma yake. Akikuletea fomu iliyokwisha jazwa "mwaka", usisaini mpaka ibadilishwe.

Saidia_Fundi_Ihumwa
Nimeelewa mkuu. Kesho natafuta kidaftari.