Kadi ya treni na basi Dubai: watu wawili kadi moja inawezekana?

Binti_Chuno
Habari zenu wana Kusini. Naomba msaada kwa aliyefika Dubai kwa miguu yake, sio wa kusimuliwa. Mwezi ujao natoka hapa Mtwara na mama mdogo tunaenda kuangalia mzigo wa nguo na vyombo pale Deira, mtaa wa masoko, siku sita tu, na wote wawili ndo mara ya kwanza kutoka nje ya nchi. Dada mmoja wa sokoni kaniambia kule treni na basi hakuna konda wa kumpa hela mkononi, unanunua kadi inaitwa nol unaijaza hela unagusisha. Sasa hapo ndo nimekwama. Naweza kununua kadi moja tukatumia wawili, yani nagusisha naingia halafu nampitishia yeye kwa juu ya geti na yeye agusishe? Na hela ikibaki si nimeliwa? Na hiyo kadi inauzwa wapi maana ndege yetu inatua usiku sana, mama mdogo Kiingereza hana na mimi nilichonacho ni cha kuombea maji. Teksi kila siku hatuziwezi jamani, hela ya korosho mnaijua wenyewe.

Ngalawa_Mbovu
Kadi moja inatosha dada, kadi si ni hela tu? Gusisha mara mbili mpite zenu. Usiwape hela za bure waarabu.

Fundi_Mkanaledi
@Ngalawa_Mbovu wewe mwisho wako Mingoyo, Dubai umefika lini? Usimpotoshe dada wa watu.

Binti_Chuno usimsikilize. Mimi naenda kufuata vipuri vya bodaboda, nimeenda mara nne, nisikilize vizuri. Kule KILA MTU NA KADI YAKE. Sababu yenyewe ni kwamba ile kadi ukigusisha kuingia inakumbuka umeingilia stesheni gani, ukigusisha kutoka ndo inapiga hesabu umepita zoni ngapi, yani yale maeneo waliyougawa mji kwa ajili ya nauli, inakata. Sasa wewe ukishaingia nayo kadi inajua uko ndani ya safari, mama mdogo atagusisha geti gani limfungukie wakati kwa mashine huyo mtu yuko ndani tayari? Atabaki nje anashangaa na wewe uko ndani unashangaa.

Ichukulie kama Luku ya umeme. Unaweka hela kwanza, unatumia, ikiisha ni giza. Tofauti yake hii hairuhusu ifike sifuri, kuingia treni kadi iwe na angalau dirham 7.5 hata kama unaenda stesheni ya pili tu. Dirham moja wewe weka kama mia saba ya kwetu, inapanda inashuka.

Ya kununua ni ile ya silva. Dirham 25, ndani unakuta 19 za kutumia, kwahiyo kadi yenyewe umeinunua dirham 6. Kuna ya karatasi nyekundu ya dirham 2, usidanganyike na bei, nauli yake iko juu na ukianza nayo kwenye treni huitumii kwenye basi. Ya silva nauli ni 3 ukiwa ndani ya zoni moja, 5 ukigusa zoni mbili za jirani, zaidi ya hapo 7.5 hata uende mwisho wa reli. Ya karatasi ni 4, 6 na 8.5. Siku sita mizunguko ya sokoni utaona tofauti.

Sasa uzuri wa Deira. Uwanja wa ndege uko zoni ya 5 na Deira yote unayoitaka wewe iko zoni ya 5. Unapanda laini nyekundu pale pale uwanjani, Terminal 1 na Terminal 3 zina stesheni, unashuka Union, unashuka chini unabadilisha laini ya kijani, stesheni moja tu ni Baniyas Square, ya pili Gold Souq. Dirham 3 basi. Kubadilisha treni hawakukati upya, na hata ukitoka treni ukaingia basi ndani ya nusu saa wanahesabu safari ile ile moja.

Binti_Chuno
Asante sana kaka Fundi, Mungu akuweke. Kwahiyo nanunua mbili. Ila hujanijibu la usiku, tukitua saa nane usiku hiyo treni tunaikuta?

Fundi_Mkanaledi
Hamuikuti. Inafunga saa sita usiku, ijumaa tu ndo inasogea mpaka saa saba. Asubuhi inafungua saa kumi na moja, ILA jumapili mpaka saa mbili asubuhi, hii ilinikuta nimekaa kwenye kiti na begi nasinzia kama abiria wa meli iliyochelewa. Teksi ya uwanjani mita inaanzia dirham 25 kabla haijatembea hata hatua, Deira ni karibu lakini bado inauma. Mkitua saa nane basi mpaka mmalize uhamiaji na mizigo ni saa tisa na kitu, vumilieni mfike saa kumi na moja, mwambie mama mdogo ajilaze begani kwako.

Kadi zinauzwa stesheni dirishani na kwenye mashine. Dirishani ukitaka kuongeza salio kima cha chini ni dirham 50, kwahiyo usiende pale na noti ya kumi ukaona wanakudharau. Lugha usiogope, nyoosha vidole viwili sema silva silva, wameshatuzoea.

Mtu_wa_Ligula
Naongezea kwenye mabasi maana kuna kitu kilinigharimu. Mimi nilianzia London kwa kaka yangu, kule basi unagusisha ukipanda tu, ukishuka unashuka zako, na unaweza kugusisha hata kadi ya benki. Miezi miwili nimezoea hivyo. Kurudi nikapitia Dubai siku tatu, nikapanda basi nikagusisha vizuri, nikashuka nimenyoosha shingo kama nipo London bado, kumbe wenzetu wa Dubai basi unagusisha kupanda NA kushuka, ile mashine iko mlangoni. Usipogusisha kushuka haijui umeishia wapi inakuhesabia nauli ya juu. Nilikuja kushtuka jioni geti limenikatalia, salio halitoshi, na nyuma yangu foleni ya Wahindi wanaotoka kazini wananisubiri mimi. Aibu ile sitaki kuikumbuka.

Kwahiyo kila mlango unaoupita gusisha, ukisikia imelia tii na salio likatokea kwenye kioo ndo uondoke. Na ile tramu, treni ndogo ya barabarani, haina geti kabisa, mashine imesimama tu kwenye jukwaa, usidhani ni bure.

Ngalawa_Mbovu
Sawa nimeelewa, nilikosea. Ila kifo cha wengi harusi, naona wote mmepigwa hela 😂

Bi_Mitwero
Wanangu hamjambo. Mimi nipo Lindi, nafanya biashara ya vitenge na mashuka, Dubai nilianza kwenda kabla ya korona. Binti kaka zako wamekuelekeza vizuri ila ni wanaume, yapo hawajakwambia.

La kwanza, treni ina behewa la wanawake na watoto, liko upande wa mwisho wa treni, chini kwenye jukwaa wamechora alama ya pinki. Pandeni humo na mama yako mdogo, hasa jioni watu wanapotoka kazini, mtasimama kwa amani. Mwanaume akiingia humo faini dirham 100. Lakini angalia, kuna behewa lingine la dhahabu, viti vipana vizuri, hilo ni la wenye kadi ya dhahabu na nauli yake ni mara mbili. Ukiingia na silva yako ni faini hiyo hiyo ya 100. Mimi safari ya kwanza nilikaa humo stesheni mbili nzima nikiona jinsi nchi za watu zilivyoendelea, mpaka mama mmoja wa Kifilipino akanigusa bega akanionyesha kadi yake ya dhahabu na kidole akakielekeza kule nyuma. Nilitoka haraka huku nashukuru kwa Kiswahili.

La pili, humo ndani hakuna kula, hakuna kunywa, hata bazoka hakuna kutafuna. Usicheke, nakuambia kwa sababu nilikuwa na korosho zangu za kukaanga nilizobeba kutoka nyumbani, zile nimezifunga mwenyewe kwenye karatasi ya daftari. Njaa ikanishika, nikafungua taratibu kwenye mkoba, nikatia mbili mdomoni. Hata sijazitafuna yule kijana wa ukaguzi kasimama mbele yangu. Hakusema kitu, akaangalia mkoba, akaangalia juu kwenye kibao, akaniangalia mimi. Nikafunga karatasi yangu. Akaenda zake. Zile mbili nilizishikilia shavuni mpaka nashuka Al Ras, zimelainika kama za kuchemsha. Kwahiyo kuleni hotelini mtoke.

La tatu na ndio kubwa kwenu wafanyabiashara, mizigo. Treni mtu mmoja anaruhusiwa begi kubwa moja na dogo moja, na hilo kubwa lisizidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30. Yale mabegi ya plastiki ya mistari mkiyajaza nguo mpaka zipu inalia mtarudishwa getini, na kadi yako na salio lako havitakusaidia. Mzigo wapeni watu wa kago wausafirishe pale pale Deira, treni iwe ya miguu yenu tu.

Binti_Chuno
Shikamoo mama! Nimecheka hiyo ya korosho mpaka mama mdogo kaja kuuliza nini. Nimemsomea na yeye amesema korosho atabeba hivyo hivyo 😂 Sasa mama na lile swali la hela inayobaki kwenye kadi?

Bi_Mitwero
Marahaba mwanangu. Usijaze nyingi. Kama mizunguko yenu ni Deira tu, hizo 19 za ndani ni safari sita za dirham 3, na ya saba geti litakukatalia, tena kwa ile ya 7.5 aliyosema Fundi litakukatalia kabla hata hujafika hapo. Ongezeni hamsini kila mmoja mara moja, mtapumua. Mkivuka ng'ambo ya Bur Dubai ile mitumbwi yao wanaita abra ni dirham moja ya mkononi, hamna haja ya kadi, mtajisikia mnavuka kwenda Msangamkuu.

Inayobaki haipotei. Kadi ya silva haina jina la mtu na inaishi miaka mitano, itunze kwa safari nyingine au mpe mwenzio. Yangu mimi ipo hapa kabatini ndani ya kikopo cha mafuta ya nazi, mara ya mwisho ilisoma dirham 31. Mwaka huu siendi, magoti. Nunua moja, nyingine chukua hii yangu.

Binti_Chuno
Jamani mama kweli? Nitakurudishia na hela yako.

Bi_Mitwero
Hela ya nini. Utaniletea shuka moja la sita kwa sita, rangi ya maziwa, sio nyeupe. Kesho asubuhi naituma na konda wa kosta ya Mtwara, nitaiweka kwenye bahasha ya kaki nimeandika BINTI CHUNO. Namba ya gari nakutumia inboksi.

Fundi_Mkanaledi
Ukifika nayo ipitishe kwanza dirishani wakuangalizie salio na kama bado inafanya kazi, kadi iliyokaa na mafuta ya nazi siiamini 😂 Mimi kosta zinapaki karibu na banda langu, kama hautakuwepo nitakupokelea.

Ngalawa_Mbovu
Bi mkubwa na mimi ungenipa nikatumie kwenye kivuko

Bi_Mitwero
Wewe nenda kagusishe kichwa.

Binti_Chuno
Nimeipata bahasha leo saa tano. Ndani kuna kadi, na korosho kwenye karatasi ya daftari. Kwa juu kaandika "hizi mle uwanja wa ndege wa Dar."