Mjadala: Umeme wa fyusheni, nani abebe gharama ya kungoja?

Mweka hazina wa chama, Likoni

Jumapili iliyopita kwenye kikao mwenzetu mmoja alitoa simu akatuonyesha tangazo la mtu anayeuza hisa za "jua la kutengenezwa". Akiba yetu ni ya miaka sita, tunaiweka tupate mashine ya barafu ya kuwahudumia wavuvi, naye anataka robo yake iende huko. Kwa hivyo naleta hoja kwenu: hii fyusheni, yaani kuunganisha viini vya atomu kama jua linavyofanya, badala ya kuvipasua, imefika mahali pa kutiwa fedha za watu kama sisi, na za serikali yetu?

Mimi nasema bado. Sayansi yenyewe naiheshimu. Desemba 2022 kule Livermore, California, wanasayansi walipiga punje ya fueli kwa mwanga mkali wa leza wa megajuli 2.05 (megajuli ni kipimo cha nishati), ikatoa 3.15. Walistahili kushangilia, ilikuwa haijawahi kutokea. Lakini nimekaa na kikokotoo nikaigeuza hesabu kuwa uniti za tokeni, zile tunazonunua kwa simu. Kilichotoka hakifiki uniti moja. Na leza zilivuta kama megajuli 300 kutoka gridi, yaani uniti 83. Faida iliyotangazwa ni ya ndani ya punje tu. Mtambo mzima ulikula hasara.

Halafu muda. ITER, mtambo mkubwa unaojengwa kusini mwa Ufaransa na Ulaya, Marekani, China, India, Japani, Korea Kusini na Urusi, mkataba wake ulitiwa saini 2006. Mwaka 2024 ratiba ilisogezwa tena, na sasa fueli kamili itawashwa 2039. Hata hapo ni wa majaribio, hautauza umeme. Mtambo wa namna hii fueli yake ni rahisi, kinachoumiza ni riba ya mkopo inayozaa kila mwaka ambao mashine haijauza kitu. Tuliyaona Turkana: mitambo ya upepo ya megawati 310 ilikuwa tayari 2017, laini ya kupeleka umeme Suswa ikakamilika 2018, na gharama ya kule kuchelewa ikatuangukia sisi walipa bili. Na upepo ni teknolojia iliyozoeleka!

Mwanafunzi wa fizikia, Tudor

Shikamoo mama. Hesabu zako ni sawa ila umechukua mfano mmoja. Mtambo wa JET kule Culham, Uingereza, ambao hautumii leza bali sumaku, mwaka 2023 ulitoa megajuli 69 kwa kutumia fueli ya miligramu 0.2. Hizo ni uniti 19 za tokeni kutoka kwa fueli isiyofika hata miligramu moja. Najua nao ulikula zaidi ya ulichotoa, lakini tangu hapo sumaku zimebadilika. Commonwealth Fusion Systems, iliyotoka chuo cha MIT mwaka 2018, ilionyesha 2021 sumaku ya tesla 20 (tesla ni kipimo cha ukali wa sumaku), na sumaku kali maana yake mtambo mdogo, na mtambo mdogo maana yake mkopo mdogo. Mwaka huohuo walichangiwa zaidi ya dola bilioni 1.8. Google wamekubali kununua megawati 200 za mtambo wao wa Virginia. Microsoft wana mkataba na Helion wa kuanzia 2028. Watu hawa wana wahandisi wa kuwashauri, hawasukumwi na tangazo la simu.

Na kuna jambo la kwetu. Mwaka 2024 watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mtambo wa kupasua atomu karibu na Mida. Kila mita moja ya ujazo ya maji ya bahari hii ina gramu 33 hivi za deuteriamu, aina ya hidrojeni ambayo ni fueli ya fyusheni. Kwa nini tusiwaambie serikali ingojee fyusheni, isiyoacha taka za kukaa maelfu ya miaka?

Fundi wa friji, Kongowea

Mdogo wangu, mkataba wa kununua si pesa ya kujengea. Nikimwambia mvuvi, "samaki wote utakaowaleta pwani nitawanunua," sijamnunulia ngalawa. Asiporudi na kitu, mimi sijapoteza shilingi.

Mweka hazina wa chama, Likoni

Marahaba mwanangu. La sumaku nakubali, sikulipatia uzito wake. Lakini fundi amenisaidia. Waliotoa hizo bilioni ni watu wenye kumudu kuzipoteza, na kwao ni sawa kabisa. Sisi tukipoteza robo ya akiba, wavuvi wa hapa wanaendelea kutupa samaki walioharibika kwa jua kali la mchana.

Deuteriamu ni nusu ya fueli tu. Nusu ya pili, tritiamu, aina nyingine ya hidrojeni, huitoi baharini. Hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi, na lazima izalishwe ndani ya mtambo wenyewe kutokana na lithiamu, kazi ambayo hakuna mtambo uliokwisha kuifanya kwa kiwango cha kujitosheleza.

Tazama Menengai. Serikali iliunda kampuni ya umeme wa mvuke wa ardhini 2008 ili ibebe yenyewe hatari ya kuchimba kisima kikatoka kikavu. Uchimbaji ulianza 2011, umeme wa kwanza ukatoka 2023. Miaka 12, kwa mvuke tuliokwisha kuutumia Olkaria tangu 1981. Hatari ya mwanzo inabebwa na dola au na tajiri, si na chama cha akina mama. Fedha yetu ya umma katika fyusheni ningeitaka iende kwa vijana kama wewe, mkasome na mrudi.

Na Uyombo tafadhali tusiichanganye hapa. Wale watu wanauliza juu ya mikoko yao, ardhi yao na taka. Kuwaambia wangoje fyusheni ni kukwepa swali lao, kwa sababu hata bila mtambo huo Pwani inahitaji umeme mwaka huu.

Jambo la mwisho: kampuni mbili za fyusheni ulizotaja, Commonwealth na Helion, ni za binafsi, hisa zao haziko soko la hisa. Basi huyu wa kwenye simu anauza nini? Njoo Jumapili saa kumi baada ya alasiri, karibu na kivuko. Mwenzetu atakuja na lile tangazo, nawe ulisome mbele ya wote kabla hatujapiga kura.