Naomba ushauri: SnS yangu (sulfidi ya bati) inatoka imechanganyika na SnS₂ (sulfidi ya bati yenye salfa zaidi)

Wakuu, habari zenu. Natengeneza utando mwembamba wa sulfidi ya bati juu ya kioo: naipuliza ditiokabameti ya bati (kemikali ya kuanzia yenye bati na salfa), iliyoyeyushwa kwenye toluini, kama ukungu ndani ya tanuri la nyuzi 400, ikisukumwa na gesi ya agoni. Grafu ya kipimo cha eksirei inaonyesha kilele cha SnS karibu na pembe ya digrii 31.5, lakini kuna kingine kwenye pembe ya digrii 15, ambacho ni cha SnS₂. Kinanisumbua sana, maana nataka utando wa seli za jua: pengo la nishati (nishati ya chini ya mwanga ambayo utando unaweza kuifyonza) la SnS ni takriban 1.3 eV, la SnS₂ linazidi 2. Nipandishe joto salfa ya ziada itoke, au nibadili kemikali ya kuanzia? Aliyewahi kukutana na hili anisaidie, tafadhali.