Mmetuzimia filamu kabla ya Newport, ati "jamaa hapendeki"!

Wadau, salaam. Hili jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi usiku na halishuki.

Kuna ukumbi mmoja hapa Mombasa, sitautaja, huonyesha filamu wikendi kwa shilingi 300 kwa kichwa. Safari hii waliweka A Complete Unknown, ile ya James Mangold ya 2024 kuhusu mwimbaji wa Marekani, Bob Dylan. Mimi nilishaiona kwa binamu yangu, lakini nikalipa tena, na nikamlipia ami yangu. Ami amepiga fidla kwenye maharusi ya Mji wa Kale na Kisauni tangu sijazaliwa. Nilitaka aione na mimi nikiwa kando yake.

Imebaki nusu saa na ushee, hatujafika tamasha la Newport la 1965, pale Dylan anapopanda jukwaani na gitaa la umeme, taa zikawashwa. Mwenye ukumbi akasimama mbele akatwambia watu wamelalamika: huyu jamaa hana adabu, ana kiburi, anawachezea wanawake, basi anatuwekea filamu nyingine yenye mtu wa kupendeka. Na watu wakapiga makofi!

Hana adabu, ndiyo. Nani alisema anayo? Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Timothée Chalamet, aliyemwigiza Dylan. Pale anapomwambia mwimbaji mwenzake Joan Baez kwamba nyimbo zake ni kama picha ya kutundika kwa daktari wa meno, dada mmoja nyuma yangu alisonya msonyo mrefu hadi safu ya mbele wakageuka. Dada yangu, ule msonyo ameutoa Chalamet kinywani mwako! Mtu ameketi Mombasa anamkasirikia kijana wa New York ya miaka ya sitini kana kwamba ni shemeji yake aliyemuudhi jana. Halafu mnasema filamu mbovu?

Na mtazameni Monica Barbaro, huyo aliyeigiza Joan. Kabla ya filamu hii hakuwa mwimbaji wala mpiga gitaa. Akajifunza vyote viwili, akaimba kwa sauti yake mwenyewe. Usiku ule hotelini, jamaa ameamka anahangaika na gitaa huku mwenzake anataka kulala, anavyomfukuza hapigi kelele nyingi. Uso umechoka tu. Mwanamke yeyote aliyewahi kuishi na mtu anayejiona yeye peke yake ndiye mwenye kazi duniani anaujua uso ule.

Ami hakusonya. Ami alikuwa anatazama vidole. Tangu ile sehemu ya mwanzo, kijana anapokwenda hospitalini kumwimbia Woody Guthrie, mwimbaji anayemhusudu, ambaye maradhi yamemnyang'anya maneno, ami aliinama mbele, mkono juu ya goti, kidole kinagonga mapigo. Akaninong'oneza: "Huyu yuwapiga mwenyewe." Sikuwa nimemwambia kitu. Nami ndipo nikamweleza kwamba ni kweli, Chalamet alijifunza miaka zaidi ya mitano na nyimbo nyingi ziliimbwa papo hapo mbele ya kamera. Ami akatikisa kichwa, akarudi kwenye vidole. Mzee huyo ndiye mliyemwashia taa usoni.

Kama mnatafuta lawama, leteni lawama ya kweli. Mimi ninayo moja: filamu imechukua ile sauti ya mtu anayemwita Dylan "Yuda", iliyotolewa Manchester mwaka 1966, ikaibandika Newport. Hapo tubishane hadi alfajiri. Lakini "sikumpenda" si kasoro ya filamu. Chama cha waigizaji wa Marekani kilimpa Chalamet tuzo yake kwa uigizaji huu huu, na filamu ikateuliwa mara nane kwenye Oscar, Barbaro na Edward Norton wakiwamo.

Mnajua mlichokikata? Mmekata Sylvie, aliyechezwa na Elle Fanning, amesimama kando ya jukwaa anamtazama mpenzi wake akiimba na Joan, na machozi yanamjaa kwa sababu ameshaelewa. Mmekata wanavyoagana penye feri, ua wa waya katikati yao. Sisi watu wa Likoni tufundishwe nini kuhusu kuagana ferini? Mmemkata Norton, akiwa Pete Seeger, yule mpiga banjo mpole aliyempokea kijana nyumbani kwake, anayaendea mashoka ili azikate nyaya za sauti gitaa la umeme linaponguruma, na mkewe Toshi anamziba njia, anamtikisia kichwa tu.

Maisha yangu yote nimengoja filamu ya mtu kama Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab. Sasa naogopa. Atakayeitengeneza ataogopa misonyo yenu, atuletee mtu wa kwenye bango, anayetabasamu mwanzo hadi mwisho, na wala hatutajua zile nyimbo zilimtoka wapi.

Sitaki shilingi 600 zangu. Nataka Jumamosi ijayo ile nusu saa iliyobaki ionyeshwe, hata kama ukumbini tutakuwa watu wawili. Tuliporudi, kwenye tuktuk, ami alinyamaza hadi karibu na nyumbani, kisha akaniuliza: "Na yule mzee wa banjo, mwishowe alimsamehe?" Nikamwambia, ami, ngoja uone mwenyewe.