Jengo la ghorofa 18 ufuoni Malindi: tupime nini kwenye ramani kabla ya kutoa maoni?

mkaazi_wa_casuarina

Assalam aleikum wenzangu. Kuna ramani za jengo la fleti linalopendekezwa kwenye ploti ya ekari moja upande wa barabara ya Casuarina, Malindi. Ghorofa 18, fleti 6 kila ghorofa, jumla 108. Lifti mbili, ngazi moja, tangi la maji juu ya paa, magari uwanjani. Ubavu mrefu wa jengo umeelekezwa baharini, na katikati pana ujia uliofungwa: fleti tatu zatazama mashariki, tatu zatazama magharibi.

Wanaopinga wasema ni refu mno, wanaounga mkono wasema ni maendeleo, na mjadala wafia hapo. Mimi nataka vipimo. Mtu mwenye ramani mkononi atazame nini ili ajue kama watu wataishi humo kwa raha miaka 20 ijayo? Na vile viwango vya Sydney na London vinavyotajwa sana, vyatufaa huku au vimetungwa kwa ajili ya nchi za baridi?

msanifu_pwani

Waaleikum salaam ndugu. Usianze na urefu. Anza na ramani ya ghorofa moja, ile inayorudiwa, kwa sababu kosa lililomo humo watu watalikuta mara 18.

Viwango vya nje vina mengi ya kufaa. Mwongozo wa fleti wa New South Wales, jimbo la Australia ulimo mji wa Sydney, wa mwaka 2015 wasema hivi: fleti zisizidi 8 kwa kila ghorofa zinazotumia lifti na ngazi pamoja, jengo likifika ghorofa 10, lifti moja isihudumie zaidi ya fleti 40, dari ya vyumba vya kukaa na kulala iwe mita 2.7, fleti ya vyumba viwili vya kulala isipungue mita za mraba 70, na kuanzia ghorofa ya 9, madirisha ya majengo mawili yanayotazamana yaachane mita 24. London, kwa mpango wake wa 2021, yataka dari ya mita 2.5 na roshani isiyopungua mita za mraba 5, yenye kina cha mita 1.5, kwa nyumba ya mtu mmoja au wawili.

Sasa gawanya: fleti 108 kwa lifti mbili ni 54 kila moja. Hiyo peke yake imepita kiwango, na lifti moja ikiharibika fleti zote 108 zategemea iliyobaki. Dai lifti tatu, na moja iwe na chumba cha mita 1.1 kwa 2.1, ambacho machela yaingia ikiwa imelazwa. Lifti isiyoingia machela huonekana ubaya wake siku ya mgonjwa, au siku ya maiti. Uliza na kasi. Jengo hili lina kama mita 56. Lifti ya mita 1 kwa sekunde yachukua karibu dakika nzima kupanda bila kusimama popote. Kwa urefu huu isiwe chini ya mita 1.6.

Lakini kipo kiwango kimoja cha Sydney ambacho ukikinakili huku utawachoma watu. Wao wataka asilimia 70 ya fleti zipate angalau saa 2 za jua la moja kwa moja sebuleni siku za baridi, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa mchana. Sisi tuko nyuzi 3 kusini ya ikweta. Jua la adhuhuri liko karibu na utosi mwaka mzima, kwa hivyo kuta za kaskazini na kusini hukingwa kwa ukingo mfupi tu. Linaloumiza ni jua la chini, la asubuhi na zaidi la jioni, na roshani yenye kina cha mita 1.5 hailizuii jua la saa kumi, kwa kuwa huingia kwa ubavu hadi ndani ya chumba.

Tazama basi ramani yako. Kusi yatoka kusini-mashariki, kaskazi yatoka kaskazini-mashariki. Pepo zote mbili zapiga uso wa bahari. Fleti za mashariki zapata upepo na jua la asubuhi. Za magharibi zapata jua la jioni, na jengo lenyewe lazizuilia upepo. Zile za pembeni zina nafuu, kwa kuwa zina dirisha la kaskazini au la kusini. Ya katikati upande wa magharibi haina kitu: uso mmoja, jua la jioni, ujia uliofungwa mgongoni. Ziko 18 za namna hiyo, moja kila ghorofa. Na angalia jambo hili: Sydney wataka asilimia 60 ya fleti za ghorofa 9 za kwanza zipitishe upepo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ramani hii ina fleti 4 za pembeni kati ya 6, yaani asilimia 67. Kwa karatasi imefaulu, na bado familia 18 zitaishi kwa kiyoyozi mchana kutwa.

Dawa yake: iondoe fleti hiyo ya katikati magharibi, uweke hapo lifti, ngazi na ukumbi ulio wazi kwa hewa. Ukumbi ukiwa wazi, hata fleti ya katikati mashariki yaweza kupitisha upepo kwa kuweka matundu juu ya mlango wake. Mwenye mradi abaki na fleti 90. Ukuta wa magharibi uwekewe matofali ya matundu au mbao za kusimama, umbali wa nusu mita kutoka dirishani.

Na upime kina cha vyumba. Chumba chenye dirisha upande mmoja hupata hewa hadi kina cha mara mbili na nusu ya dari. Dari ya mita 2.7 ni mita 6.75. Jiko lililo mita 9 ndani litanuka samaki hadi kesho yake.

bomba_na_pampu

Msanifu amemaliza ya upepo, niongeze ya maji, maana watu huhama majengo marefu kwa sababu ya maji kuliko kwa sababu ya joto.

Hesabu watu 4 kwa fleti: 432. Lita 120 kwa mtu ni kama mita za ujazo 52 kwa siku. Maji ya Malindi yatoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki na husukumwa kwa pampu za stima, kwa hivyo jengo lisitegemee bomba la leo kwa matumizi ya leo. Tangi la chini liwe la siku mbili, mita za ujazo 104. La paani liwe la kama 20, na tani hizo 20 ziwe ndani ya hesabu ya mhandisi tangu mwanzo. Matangi ya plastiki yanayoongezwa baadaye juu ya bamba la zege lisilopimwa ni hatari tupu. Kuyapandisha maji hayo ni kama uniti 17 za stima kila siku, na pampu ziwe mbili zinazopokezana.

Kisha presha. Kila mita 10 za kimo ni bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Tangi likiwa paani na jengo mita 56, fleti ya chini yapata kama bar 5.5: mipira ya sinki yapasuka, valvu za choo hazifungi. Fleti ya juu kabisa yapata bar 0.4 na shawa yadondoka tu. Ligawe jengo kanda tatu, ghorofa 6 kila kanda, na kanda mbili za chini kila moja iwe na valvu ya kupunguza presha, na ya akiba kando yake, ili fundi atengeneze moja bila kufunga maji. Kanda ya juu yahitaji pampu ndogo ya kuongeza nguvu. Mchoro ukionyesha bomba moja kutoka paani hadi chini bila valvu hata moja, mchoraji hajawahi kufikiria jengo refu.

Majitaka ndiyo kubwa zaidi kwa Malindi. Asilimia 80 ya maji yaliyoingia hutoka: mita za ujazo 42 kila siku. Nyumba nyingi za mji zategemea septiki na shimo la kunyonya, na chini yetu ni mawe ya matumbawe yenye mianya. Uchafu hausafishiki humo. Hupenya hadi visima vya jirani na hadi ufuoni, na mbele pale ni hifadhi ya bahari tangu 1968. Mwenye mradi akisema atatumia eksosta, yaani gari la kunyonya majitaka, gari la mita za ujazo 10 litakuja mara 4 au 5 kila siku, Jumapili na sikukuu. Kwa ukubwa huu ni lazima mtambo wa kusafisha ndani ya ploti, wenye stima ya akiba na mtu aliyeajiriwa kuuendesha. Kisima cha kuchimba karibu na ufuo pia si jibu: kikivutwa sana hugeuka chumvi.

Na mabomba ya choo. Fleti za chini zisiunganishwe na bomba kuu linaloshuka kutoka juu. Maji yakifika chini na kugeuka hutengeneza mgandamizo unaorudisha uchafu kwenye vyoo vya chini. Zipewe njia yao. Bomba kuu liwe na bomba la hewa sambamba nalo, la sivyo maji ya mtego (kipinda cha bomba kinachoshika maji ili kuzuia harufu) hunyonywa na hewa ya bomba huingia nyumbani. Hong Kong mwaka 2003, kwenye majengo ya Amoy Gardens, mitego ya sakafu iliyokauka ilikuwa sehemu ya njia iliyosambaza ugonjwa wa SARS kwa zaidi ya watu 300. Mtego uwe na maji ya milimita 50 hadi 75, na ule wa sakafu ya bafu umwagiwe maji kila wiki usipotumika.

mkaazi_wa_casuarina

Ahsanteni sana. Na ngazi moja je? Mwenye mradi asema yatosha kwa kuwa lifti ni mbili.

kinga_moto

Haitoshi, ndugu yangu. Moto ukiwaka lifti za kawaida hazitumiki, kwa hivyo hazihesabiwi kama njia ya kutokea. Grenfell Tower ya London ilikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja. Mwaka 2017 walikufa watu 72. Uingereza sasa imeamuru ngazi mbili kwa kila jengo jipya la makazi lenye mita 18 au zaidi, kuanzia tarehe 30 Septemba 2026. Ngazi za magari mengi ya zimamoto hufika mita 30 hivi, yaani ghorofa ya 9 au ya 10. Nusu ya juu ya jengo hili haifikiki kutoka nje, kwa hivyo kinga yote iwe ndani.

Ngazi mbili zisizoanzia kwenye ukumbi mmoja. Milango inayojifunga yenyewe, yenye kustahimili moto. Bomba la zimamoto liwe na maji wakati wote, kwa kuwa sakafu ya juu imepita mita 50. Jenereta iwashe lifti moja, pampu na taa za ngazi, na isiwekwe chini ya ardhi karibu na bahari.

Jambo linalosahauliwa huku ni gesi. Mitungi 108 ya kilo 13 ni zaidi ya kilo 1,400 za gesi zilizotawanywa ghorofa zote 18, na kila mtungi unapandishwa kwa lifti. Dai ghala moja la gesi nje ya jengo, mabomba, na valvu ya kufunga kila ghorofa.

mlamu_wa_mkomani

Naongeza hesabu moja kutoka huku Lamu. Chukua fleti ya mita za mraba 85, zidisha 108, ongeza asilimia 20 za ujia na ngazi: kama mita 11,000. Kwa ghorofa 18, jengo lakalia mita 612, asilimia 15 ya ekari. Hapo ndipo wasemapo "tumeacha ardhi wazi". Lakini gari moja kwa fleti, pamoja na njia ya kugeuzia, ni kama mita 28. Magari 108 ni mita 3,024. Baki ya ploti ni mita 3,435. Hiyo bustani ni lami.

Idadi ile ile kwa ghorofa 6 yakalia mita 1,840, asilimia 45, na yaweza kuzunguka ua wa katikati wenye kivuli. Magari yapunguzwe nusu au yawekwe chini ya sakafu ya kwanza. Ngazi ya zimamoto yafika, presha ya maji haisumbui, na mama wa ghorofa ya nne amwona mwanawe uani na akimwita asikia. Kuanzia ghorofa ya 8 hivi mtoto hashuki kucheza bila mtu mzima, na mwishowe hashuki. Mji wa Lamu, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, una nyumba za ghorofa mbili tatu zilizobanana, na hewa na mwanga hutoka kiwandani, yaani uani, katikati ya nyumba. Watu wengi kwa eneo dogo hawalazimu mnara.

Na kivuli: mnara wa mita 56, saa kumi na moja jioni, hutupa kivuli cha karibu mita 150 kuelekea mashariki. Huko ni ufuoni. Taa zake usiku huwapotosha watoto wa kasa, kwa hivyo upande wa bahari ziwe za chini, za rangi ya kaharabu, zilizofunikwa juu.

msanifu_pwani

Hesabu ya ndugu wa Lamu ni sahihi na ningeiweka ukurasa wa kwanza wa maoni yenu. Ploti ya ekari nzima haina sababu ya kwenda 18. Mnara una hoja pale ardhi ni nyembamba.

Wakishikilia 18, ombeni na haya. Chumvi: zege la nje lifunike nondo kwa milimita 50, na mchanga wa ufuoni usitumike hata kwa lipu, maana chumvi yake hula nondo kutoka ndani. Reli za roshani ziwe za chuma cha pua daraja la 316. La 304 hutoka madoa ya kutu mapema kwa upepo wa bahari. Paani pawe na nanga za kuning'iniza mafundi wa rangi, la sivyo kuta za juu hazitapakwa tena.

Ada: Sheria ya Sectional Properties ya 2020 huwapa wenye fleti shirika lao la kusimamia jengo. Mwenye mradi atoe leo makadirio ya ada ya kila mwezi yenye lifti, pampu, jenereta, mtambo wa majitaka na akiba ya kubadilisha lifti. Ada ikitangazwa ndogo mno, kuna kimoja kati ya hivyo ambacho hakikuhesabiwa.

Vibali: kaunti, NEMA (mamlaka ya mazingira), usajili wa NCA (mamlaka ya ujenzi), na idhini ya urefu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa kuwa uwanja wa ndege uko hapo hapo mjini. Urefu huo upimwe pamoja na tangi, antena na kreni ya ujenzi, ambayo hupita paa kwa mita kadhaa na mara nyingi haimo kwenye ombi.