Mgodi wa kale wa dhahabu na watoto watatu: Reed au Dahlonega?

Mama_Watatu:
Habari za jioni wakuu. Sisi tuko Charlotte. Mama yangu amekuja kutoka Tanga, atakaa nasi miezi miwili, na maduka makubwa yameshamchosha. Sasa kijana wangu wa miaka 12 amejifunza shuleni kwamba dhahabu ya kwanza kujulikana Marekani ilipatikana hapa hapa North Carolina, si California. Tangu siku hiyo hatulali, anataka kuingia mgodini. Wa pili ana miaka 8, yeye anataka dhahabu yenyewe. Wa mwisho ana minne, anataka kubebwa.

Nimeona kuna Reed Gold Mine, maili kama 25 mashariki mwa Charlotte. Halafu kuna Dahlonega kule Georgia, ambako kuna migodi miwili ya watalii, Consolidated na Crisson, lakini kutoka hapa ni karibu saa nne za gari. Baba watoto anasema twende mbali, "cha karibu tutakwenda siku yoyote." Siku yoyote yenyewe mnaijua. Aliyefika anipe ukweli. Magoti ya mama si mazuri.

ShangaziAtlanta:
Reed nimekwenda mara moja. Dahlonega nimeacha kuhesabu, maana kila mgeni akishuka Atlanta mume wangu anampeleka huko kama vile ana hisa.

Consolidated ndio mgodi wa kutisha, na nasema hivyo kwa kuusifu. Mwanzoni mwa karne ya 20 haukuwapo mradi wa dhahabu mkubwa kuliko huo upande wote wa mashariki ya mto Mississippi, kisha 1906 ukafa. Mnashuka na mwongozaji hadi futi 200 hivi, yaani mita 60 chini. Kuta ni mwamba mtupu, maji yanadondoka, na katikati ya mwamba unaoneshwa mkanda mweupe wa mawe ya kwazi ambao wachimbaji walikuwa wakiufuata kutafuta dhahabu. Mtoto wa miaka 12 pale hasemi neno, anatazama tu. Chini hakuna kiangazi wala masika, ni nyuzi 16 za Selsiasi mwaka mzima, kwa hiyo mama avae sweta hata kama juu mnatoka jasho.

Crisson si wa kushuka. Ni machimbo ya wazi, yalianza 1847, na siku hizi watu huenda kuchekecha mchanga kutafuta dhahabu. Mnanunua ndoo ya mchanga, mnapewa karai, mnasimama kwenye mabirika ya maji. Wana kinu cha kupondea mawe chenye umri wa zaidi ya miaka 100 na bado kinafanya kazi. Kelele yake ni kama twanga-twanga ya wanawake kumi wenye hasira.

Reed ni mpole. Ni msitu, kijito kinaitwa Little Meadow Creek, kuna sehemu ya kukaa na kula, na mahandaki yaliyotengenezwa upya ili watu wapite. Ni eneo la historia la serikali ya jimbo, kuingia ni bure, utatoa dola chache kwa kuchekecha. Ila Jumapili na Jumatatu wanafunga, na kuchekecha ni kwa miezi ya joto tu. Msiende Jumapili baada ya ibada kama sisi mara ya kwanza, tukala chapati zetu getini tukarudi.

Kwa wa minne na mama: Reed. Kwa wa 12: Consolidated. Kwa wa 8: Crisson. Sijakusaidia, najua.

Omwami_KK:
Mimi nyumbani ni Kakamega, kwa hivyo hizi habari za kulipia shimo zinanichekesha. Kwetu kuna Rosterman, walichimba Waingereza tangu ile homa ya dhahabu ya miaka ya 1930, wakafunga 1952. Tiketi hakuna, mwongozaji hakuna. Kuna mashimo tu, na mamako akisikia ulicheza huko unakula kiboko. Lakini endeni, mtuletee picha.

Fundi_Magari:
Mimi naungana na Omwami. Mtu ametoka Tanzania, nchi ya dhahabu, anakuja kuzungushwa kwenye pango la wazungu? Mpelekeni mama baharini, Myrtle Beach iko palepale.

Mama_Watatu:
Kaka Fundi, mama ametoka Tanga. Bahari ameiona.

Kijana_wa_Geita:
😂😂 Hapo umepigwa, fundi.

Mkuu, nchi ya dhahabu ndiyo, lakini wangapi wameingia mgodini? Babu yangu alifanya kazi Geita enzi zile za mgodi wa zamani, ule wa 1936 mpaka 1966. Mimi nimezaliwa pale na shimo lenyewe sijawahi kulitia mguu. Siku ya kwanza kuona reli za toroli na matimba yanayoshikilia dari ilikuwa hapa Marekani, kwa tiketi, nikiwa na kofia ya plastiki. Nikamfikiria mzee. Kwa hiyo usidharau.

Mama Watatu, acha nikupe kitu cha maana, kuchekecha. Watu wanalipa, wanatikisa karai kama wanapepeta mchele, wanamwaga dhahabu yote kwenye birika. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, mchanga wa kawaida haufiki mara tatu. Kwa hiyo usipepete, zamisha. Jaza karai nusu, liweke chini ya maji kabisa, litikise kushoto na kulia mpaka kila kizito kikae chini. Ndipo uinamishe kidogo, maji yachukue tabaka la juu, uliweke sawa, utikise tena. Usiwe na haraka. Mwisho utabaki na mchanga mweusi, na dhahabu ikiwepo itakuwa nyuma yake kama mkia.

Huyo wa miaka 8 atapiga kelele kila akiona kitu kinametameta. North Carolina mika, yale mawe membamba ya kung'aa, imejaa kila mahali. Mwambie hivi: ligeuze karai, weka kivuli. Mika na mawe mengine ya uongo huzimika kwenye kivuli, dhahabu rangi yake haibadiliki. Na ukiigonga, dhahabu hubonyea, haipasuki.

Bukavu_Clarkston:
Bandugu, jambo kwenu. Miye ni mtu wa Kivu ya Kusini, upande wa Kamituga, kule Wabelgiji walianza kuchimba zamani sana. Kanisa letu lilituma basi Dahlonega. Sikutaka kwenda. Kwetu neno dhahabu halina sukari, lina wenye bunduki na vijana waliofukiwa na udongo.

Nilienda kwa sababu ya batoto. Kule chini mwongozaji akaeleza namna watu walivyofanya kazi gizani kwa mshumaa, vumbi la mwamba likiingia mapafuni. Binti yangu akaniuliza kwa sauti, "Papa, hivi ndivyo wanafanya kwetu sasa?" Basi lote likasikia. Nikamjibu ndiyo, na kwetu mwisho wa ziara haujafika. Nilifurahi kwamba niliulizwa pale na si mbele ya televisheni. Sisemi msiende. Nasema mtaulizwa.

Mwl_Mstaafu:
Ndugu wa Bukavu amefungua mlango, nami nipite. Mnapolinganisha migodi msiangalie urefu wa handaki peke yake, angalieni pia kila mahali panasimulia nini na panaruka nini.

Hadithi ya Reed kila mtoto ataipenda. Mwaka 1799, Jumapili, mtoto wa miaka 12 aitwaye Conrad Reed hakwenda kanisani, akaenda kijitoni, akaopoa jiwe la njano la ratili 17, karibu kilo nane. Babake John alikuwa Mjerumani, askari wa kukodiwa na Waingereza aliyetoroka vita vya uhuru wa Marekani akawa mkulima. Jiwe hakulijua. Likakaa miaka mitatu likizuia mlango usijifunge. Mwaka 1802 akalipeleka kwa sonara Fayetteville. Sonara akaliyeyusha, akamwonesha mche wa dhahabu, akamwuliza bei. Mzee Reed akataja kile alichoona ni kikubwa: dola 3 na senti 50. Thamani yake ilikuwa kama dola 3,600.

Huyo kijana wako wa miaka 12 atahesabu kwamba ana umri uleule. Jitayarishe kwa Jumapili zijazo.

Lakini ulizieni pia Peter. Mwaka 1803 Reed alishirikiana na wabia, nao wakaleta watumwa wao. Peter, mtumwa wa mmoja wao, ndiye aliyetoa jiwe la ratili 28, kubwa kuliko la Conrad. Conrad tunajua ni mtoto wa nani na aliamkaje siku ile. Peter tunajua jina moja tu na uzito wa jiwe.

Na Dahlonega: jina lenyewe ni la Wacherokee, maana yake njano. Dhahabu ilipovuma mwishoni mwa miaka ya 1820 ardhi ilikuwa yao. Mwaka 1832 jimbo la Georgia likaigawa kwa bahati nasibu, viwanja vya ekari 40 kila kimoja, wenyewe wakiwa bado wanaishi humo. Mwaka 1838 jeshi likawafukuza kuelekea magharibi, na maelfu walikufa kabla ya kufika. Mwaka huohuo kiwanda cha serikali cha kugonga sarafu kikaanza kazi pale Dahlonega. Nikienda na wajukuu huwa naongeza New Echota, uliokuwa mji mkuu wa Wacherokee, zaidi kidogo ya saa moja kwa gari upande wa magharibi. Bila hapo, Dahlonega ni nusu ya habari.

Fundi_Magari:
Mwalimu, shikamoo. Dola tatu na nusu?!

Mwl_Mstaafu:
Marahaba. Na aliondoka amefurahi.

Dada_Raleigh:
Naongezea upande wa ngazi maana hakuna aliyegusa magoti ya bibi. Reed chini kuna ngazi na sakafu ina unyevu, lakini si safari ndefu, na asiyetaka kushuka anabaki juu kwenye jumba la maonyesho na njia za msituni. Consolidated ni mteremko kwenda na mpando kurudi, kigari cha mtoto usikibebe kabisa. Wa minne atabebwa, na atakayebeba ni wewe, maana hao akina baba mgodini huwa mikono imejaa simu.

Pia giza. Tulikwenda mgodi mmoja wa milimani, sitautaja, mwongozaji akazima taa bila kuonya. Mwanangu wa miaka mitano alipiga ukelele nadhani hata hao Wacherokee walisikia. Siku hizi naanza kwa kumwuliza mwongozaji kabla hatujaingia: "Mtazima taa?" Wengi wanakubali kukuashiria.

ShangaziAtlanta:
Dada kweli kabisa. Na kwa walioko Charlotte, mnapitwa na kitu. Kiwanda cha sarafu hakikuwa Dahlonega tu, Charlotte nayo ilikuwa nacho, na vyote viwili vilifungwa 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Jengo la Charlotte lilibomolewa, watu wakachangishana likajengwa upya mahali pengine, na tangu 1936 ni makumbusho ya sanaa, Mint Museum ya barabara ya Randolph. Asubuhi Reed, alasiri pale. Mama atakaa kwenye benchi ndani ya kiyoyozi na hakuna atakayemshusha popote.

Kijana_wa_Geita:
Hiyo nimeipenda. Mchanga asubuhi, sarafu jioni. Mimi ningekwenda hivyo, halafu Dahlonega nampeleka huyo mkubwa peke yake Oktoba, majani ya milimani yakiwa yamebadilika rangi. Baba na kijana, bila mtoto wa kubeba.

Omwami_KK:
Na sumaku mbebe. Ule mchanga mweusi una chuma, sumaku inauvuta, dhahabu inabaki. Hiyo nilifunzwa na wazee wa Rosterman, kabla ya kiboko.

Mama_Watatu:
Wakuu, nimewasoma wote na nimemsomea mama. Tumeamua: Reed Jumamosi asubuhi, makumbusho alasiri. Dahlonega itasubiri Oktoba, baba na kijana, na New Echota nimeandika kwenye friji. Ndugu wa Bukavu, asante. Kijana alisoma ulichoandika mara mbili, na sasa Kamituga anaitafuta kwenye ramani.

Mama amesema atashuka na fimbo yake, hakuja Marekani kukaa kwenye benchi. Habari ya Peter alinirudisha niisome tena. Kwa sonara wa Fayetteville hakushangaa hata kidogo. "Hao," amesema, "ndio walewale wa barabara ya kumi na mbili kwetu Tanga."

Sweta lake nimeshaliweka kwenye gari. Mwenye sumaku ya kuazima aliyepo Charlotte anitumie ujumbe.